Sahani

Kaanguka mkarafuuni, akasema mama yake,
na mimi kalamu nilishaigusisha karatasi.
Kaanguka. Neno jepesi, linaenea kwenye mstari,
halidai mhuri, halimwamshi mtu usingizini.

Lakini mwaka huu mikarafuu ya Konde haikuzaa.
Nani kampandisha mtoto mtini kuchuma majani?

Nikamvua Faki shati, kifungo baada ya kifungo.
Mgongoni michirizi miwili miwili, sambamba,
inakutana mwisho kama kitanzi:
waya wa umeme, umekunjwa mara mbili.
Mti hauna mkono wa kukunja kitu. Mti ukikuangusha
unakuvunja, unakuchubua goti, basi.
Na myengine ya zamani, ishageuka rangi ya ukwaju.

"Mize, nenda dirishani ukamchukulie dawa,
foleni ndefu, sisi tunakungoja hapa."
Nikaurudisha mlango nusu. Nikakaa sakafuni
ili macho yake yawe juu ya yangu.
Sikumuuliza nani. Tulifundishwa:
usimtilie mtoto jina mdomoni.
"Hebu nihadithie jana usiku."
Akahesabu vidole vya miguu yake, akarudia kuvihesabu.
Kisha akaniuliza yeye:
"Nikisema, mama atalala wapi?"

Miaka saba.
Nikamfunga vifungo. Nikakosea kimoja, nikaanza upya.

Fomu ina mstari: Uhusiano wako na mtuhumiwa.
Shaame ni mtoto wa ami yake mume wangu.
Harusini kwangu ndiye aliyekesha na masufuria ya pilau.
Nikauruka. Nikajaza umri, uzito, urefu,
nikaichora michirizi kwenye picha ya mwili,
mbele hamna, nyuma kumi na mmoja,
nikaurudia mstari. Nikaandika: shemeji.

Simu ya kwanza haikupokelewa.
Ya pili, nilitamani isipokelewe.

Jioni akaja mama mkwe na sahani chini ya kawa,
mkate wa kumimina, bado wa moto.
Hakumtaja Faki. Alizungumza mvua, bei ya sukari.
Mlangoni, bila ya kugeuka:
"Mwanangu, ya ndani muhali kuyatoa nje."

Muhali. Tuna neno moja tu
kwa jambo lisilowezekana
na kwa uso unaoona haya kuukataa.
Mwaka juzi nililiheshimu.
Mtoto yule akiitwa Time. Niliandika "kaanguka",
nikampa tarehe ya kurudi,
na daftarini tarehe ile ingalipo, haina tiki.

Usiku huu Faki yuko wodini, Micheweni,
na mama yake kitanda kimoja naye.
Suali lake limejibiwa usiku mmoja.
La kesho, afisa wa ustawi amesema, "Tutaona."

Mkate nimewapa watoto wa jirani.
Sahani nimeiosha, nimeifuta,
nimeipeleka mwenyewe baada ya sala ya alfajiri.
Kwetu sahani ya mtu hairudi tupu.
Nimeirudisha tupu.