Moto Huzaa Jivu

Baba aliyeyusha makopo ya soda Katwe
miaka thelathini, akayamwaga kwenye mchanga
yakaamka sufuria.
Siku niliyokataa kurithi kalibu
hakupiga kelele. Aliwaambia vibarua tu,
"Moto huzaa jivu,"
akaendelea kuvukuta.

Leo nimevaa pamba tupu, si nailoni,
mkononi nimefungwa waya uendao ardhini,
maana ipo cheche isiyoonekana
inayoishi katika nywele na sweta.
Mbele yangu, kwenye mizani ya maabara, Kyambogo,
alumini ile ile ya baba
imesagwa hadi imesahau kulia inapogongwa.
Rangi yake kijivu. Ungeizoa kwa beleshi.
Tumuhairwe, msimamizi wetu, ananong'ona
kana kwamba unga una masikio:
"Usikohoe."

Itazame sufuria.
Hukaa jikoni umri mzima, moto ukiilamba matako,
haiwaki, inaivisha matoke tu.
Sasa isage. Kila punje huvaa kanzu
nyembamba kuliko utando wa kitunguu,
na ndani ya kanzu mna njaa ya hewa
ambayo sufuria iliificha kwa unene wake.
Pande moja lina mlango mmoja.
Unga una milango elfu elfu,
na yote inabishwa hodi kwa pamoja.

Jumamosi, kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa
upande wa Mukono, tulilifunga bomba kwenye zege,
mdomo juu, lisiruke popote.
Tulitaka kujua linasukuma kiasi gani, basi.
Baba alikuja. Sikumwalika.
Alijibanza nyuma ya magunia ya mchanga
kashika mfuniko wa sufuria namba kumi na mbili
usoni, kama ngao.

Sekunde nne.
Mwanga uliofuta vivuli vyetu sote,
sauti ya turubai likipasuliwa kutoka hapa hadi Lugazi,
mshale wa kipimo ukapanda, ukatetemeka,
kisha moshi, mweupe kama unga wa muhogo,
ukatua nyasini, viatuni,
kwenye mvi za baba.

Aliupangusa kwa kidole, akaukagua.
"Hili ni jivu."
Ndiyo, baba.
"Na lile mliloweka ndani?"
Nalo lilifanana na jivu.

Akanyamaza kitambo.
Kisha akaugonga mfuniko kwa kifundo cha kidole, ngoo,
kuhakikisha
bado ni mfuniko.