Amana ya Gatimu

Karani wa benki aliigeuza mara mbili,
akaniangalia kwa ile huruma ya watu wa kaunta:
"Mama, hii ilikufa zamani."
Akanirudishia maiti yangu kupitia kidirisha.

Shilingi ishirini. Mfalme kageuza uso upande,
hataki kunitazama. Nyuma, simba na milima.

Mtaa wa Biashara, ghorofani, juu ya duka la nguo za watoto,
Bwana Dhirajlal aliishika kwa kikoleo
kama mtu anayetoa mwiba.
Akanisomea Kigujarati: vis shiling.
Kiarabu akakifuata kwa ukucha, kutoka kulia.
Kiingereza nilijisomea.
Lugha tatu, na hakuna hata moja
ambayo mama aliwahi kununulia chumvi.

"Ingekuwa nyoofu ningekupa pesa nzuri," akasema.
"Lakini mikunjo hii. Na hili tundu la pini."

Hilo tundu, Bwana Dhirajlal, ni la alfajiri
ya msako wa Shauri Moyo, mwaka wa hamsini na nne,
malori yamewasha taa mpaka ndani ya vyumba,
na Gatimu fundi wa stovu anagonga ukuta, si mlango:
"Syombua, nishikie hii. Nikirudi..."
Hakumaliza, au mama hakusikia yote.
Akaikunja, akaikunja tena,
akaibana kwa pini ndani ya pindo la gauni.
Askari wakapekua mpaka kwenye unga.

Uhuru ukaja. Noti mpya zikaja.
Redio ikataja siku ya mwisho ya kubadilisha
na baba akasema, kabadilishe.
Mama akakataa: amana hurudi na sura iliyokuja nayo.
Muhula huo nilifukuzwa shule kwa karo,
shilingi kumi na nane.
Nilijua pindo lilipo.
Nilimchukia Gatimu mwaka mzima, na sijawahi kumwona.

Sikuiuza. Niliikunja palepale ilipozoea kukunjika,
nikateremka Gikomba kwa wagonga bati,
nikauliza kwa sauti ya juu, nyundo zikinipokonya maneno:
yupo mtoto wa Gatimu hapa?

Kijana mmoja akashusha nyundo.
"Akina Gatimu hapa ni wanane, mama. Yupi?"
"Yule ambaye hakurudi."
Akafikiri kidogo, akapangusa jasho kwa kiwiko.
"Hao ni wengi zaidi," akasema,
akaendelea kugonga.