Ukurasa wa Sitini na Moja

Aikande,
nakutumia kitabu kwa mkono wa Senzota, yule wa duka la spea.
Nimekifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli.
Jalada usilitafute. Wala usianze na sura ya kwanza:
sura ya kwanza imeliwa na Moshi nzima,
mia mbili mia mbili,
pamoja na chumvi.

Nilikipata hivi.
Alhamisi, Kiborloni, natafuta koti
(unaijua baridi ya Julai, haina adabu),
nikanunua karanga kwa Mama Ndeshi.
Nikala. Nikaikunjua karatasi nijifutie vidole,
nikasoma:

*Mlango wa tatu ulipofunguka, Nahodha Mkwizu
aliikuta Jumanne ya mwaka jana imekaa kitini,
inamsubiri, viatu vyake vimelowa.*

Mstari uliofuata ulikuwa umekwisha kunywewa na mafuta.

Wewe ungefanyaje?
Nilirudi mbio. Koti sikununua.
Nilinunua karanga zote, na boksi la karatasi chini ya meza,
na Mama Ndeshi akanitazama
kama atazamwavyo mtu aliyenunua ng'ombe
kwa kuipenda kamba.
Boksi lilitoka Pasua, akasema, kwa mtu aliyekuwa akihama.
Na kweli lilikuwa limepasuliwa.

Ni habari za watu wanaoishi ndani ya mlima,
huu huu wetu, tunaouona alfajiri kabla haujajifunika.
Barafu ya Kibo, anasema mwandishi, haiyeyuki. Inashushwa.
Kuna ngazi. Kuna wapagazi wa usiku.
Kila pande lina siku moja ndani yake,
siku ambayo mtu huku chini ameisahau,
na huko zinavundikwa gizani kama ndizi.
Nahodha (ingawa chombo hana, wala maji hayapo)
ametumwa kuiba moja tu.
Ipi, sikuambii.

Mwandishi simjui.
Labda alichapa nakala mia, akauza nne,
akarudi kupalilia kahawa yake.
Hakuna mwalimu aliyewahi kumtungia swali la mtihani,
hakuna aliyeulizwa *mwandishi amefaulu kwa kiasi gani*.
Hilo nalo nimempendea.

Ila nakuonya, sura ya saba inachosha.
Nahodha anahesabu ngazi, kurasa nne, moja moja.
Vumilia. Usiruke.
Ngazi ya elfu mbili na tisa haipo,
na wewe, kama mimi,
utakanyaga hewa.

Na punda anakufa ukurasa wa themanini,
wa tisini na tano anakunywa maji.
Mwanzoni nilicheka.
Sasa naona ni siku nyingine tu, imetolewa kwenye majani mapema.

Kisome zamu ya usiku hapo Mawenzi, wodi ikishatulia.
Usikisome stoo, peke yako, karibu na friji.

Mwisho? Mwisho hatuna.
Kurasa kumi na sita zimetawanyika mjini.
Kijana wa bodaboda pale Majengo anao wa mia na arobaini na tatu,
ameukunja ndani ya leseni, hauzi;
aliniruhusu kuunakili nikiwa nimesimama, injini ikinguruma.
Dada wa saluni Njoro anaapa aliusoma wa mwisho kabisa,
akautupa,
na neno analolikumbuka ni moja: *teremka*.
Nani ateremke, hajui. Nimemnunulia soda mara mbili, bado hajui.

Kwa hiyo ukinunua karanga, Aikande, kula.
Lakini usiifinyange karatasi.
Ikunjue, isogeze kwenye taa, tazama namba pembeni.
Ikiwa ni hesabu za mtoto wa darasa la nne, samehe.
Ikiwa kuna theluji,
nipigie, hata saa nane za usiku.

Mpira wa tyubu naomba urudi.
Kitabu mpe mwingine.