Chenga

Saa kumi na mbili asubuhi, Turku, mwezi wa Januari,
giza limekaa kama mgeni asiyejua kuaga.
Chini ya hospitali, ghorofa mbili ardhini,
saiklotroni inapika florini,
na ikishaiva tu tunaanza kuhesabu:
kila dakika mia na kumi, nusu yake haipo.
Dawa hii haimngoji mtu amalize kahawa.

Raili Haapasaari anaipokea kwenye chungu cha risasi,
imeshavishwa sukari,
anaidunga mishipani mwa watu waliofunga tangu jana.
Lala, anawaambia, usiongee, usisome hata gazeti,
misuli isije ikaila.

Sisi wa ghorofa ya nne hatugusi mtu.
Tunagusa namba.
Tumetumwa jambo moja: dozi ipungue, iwe robo,
na picha ibaki picha.
Lakini robo dozi huja na chenga,
chenga zilezile za televisheni ya zamani
usiku, stesheni ikishafunga.
Basi tukaufundisha mtandao wa neva kuzipepeta.
Tuliupa jozi elfu sita: picha chafu, picha safi,
chafu, safi, chafu, safi,
hadi ukapepeta kama mpishi wa harusi
aliyeambiwa wageni wameshafika mlangoni.
Taavi, kijana wa Tartu, akaupa jina: Mfagizi.
Tukacheka. Jina likaganda.

Februari ikaja picha namba sifuri nne moja saba.
Mwanamke, miaka sabini na mmoja.
Jina lake hatulijui, sheria hairuhusu.
Mfagizi akairudisha inang'aa:
ubongo unawaka, kama ubongo wowote,
moyo, figo, kibofu, kila kimoja kwao,
ini laini kama shuka iliyopigwa pasi.
Tukapiga makofi.
Henriikka akafungua mkebe wa biskuti za tangawizi
zilizobaki tangu Krismasi.

Raili alikuwa amepanda kurudisha kalamu ya mtu.
Akasimama nyuma yetu, miwani kwenye paji la uso.
"Ile chafu iko wapi?"
Tukamfungulia.
Akaweka ukucha kwenye kioo, chini ya mbavu, kulia.
"Hii haichezi," akasema. "Chenga hucheza."

Tukaikata picha dakika kwa dakika.
Vumbi liliruka huku na huku kama nzi wa buchani,
ila punje moja, ndogo, kiasi cha dengu,
dakika ya tatu, ya saba, ya kumi na moja,
palepale.

Mfagizi hakusema uongo.
Alifanya tulichomtuma.
Katika jozi elfu sita hatukuwahi kumwonyesha
kitu kidogo namna ile chenye haki ya kubaki,
akatupiga chenga, kwa adabu zote,
akaimwaga pamoja na makapi.

Hakuna aliyekula biskuti ya pili.
Taavi alikwenda ubaoni,
akaifuta grafu yake, ile nzuri, kwa kiganja,
kiganja kikabaki buluu hadi jioni.

Siku hizi Raili hupanda kila Alhamisi.
Hukaa na Taavi, kalamu nyekundu mkononi:
hii ndiyo. Hii siyo. Hii siyo.
Hii, sijui.
Ilituchukua miezi mitano kumfundisha Mfagizi
neno hilo la mwisho.
Sasa akikwama hapafuti, anapapaka zambarau,
na daktari anainama kutazama.
Wafadhili wanauliza zambarau ya nini,
mbona picha za wenzetu ni safi.
Henriikka anawaandikia barua ndefu.

Novemba, theluji ya kwanza,
Raili aliingia na glovu mpya za sufu,
zimefumwa kwa mkono, na aliyezifuma hakuwa na haraka.
Taavi akafumbua mdomo aulize.
Henriikka akamkanyaga mguu chini ya meza.