Pembe za Ukutani

Baba alizitundika mwaka niliozaliwa,
sebuleni kwetu Ibra, juu ya redio,
karibu na picha ya babu akiwa Wete:
pembe mbili nyeusi, nyembamba, ndefu kupita mkono wangu.
Wageni walizisifu kwanza,
ndipo wakauliza hali ya mama.

Mama, Bi Zuwena, alimwita choroa.
Mabedui walimwita kwa jina la weupe wake.
Mimi mtoto nilidhani mwili wake
umesimama upande wa pili wa ukuta.
Nikatoka kumtafuta.
Palikuwa na mtungi wa gesi,
mnanaa wa mama ndani ya kopo la maziwa,
na joto.

Sasa nafanya kazi Haima, ndani ya uzio.
Alfajiri ukungu ukitambaa kutoka baharini
wao hulamba majani yaliyolowa, polepole,
kama mtu anayesoma barua mara ya pili.
Naandika daftarini:
Jike, namba arubaini na moja, anachechemea.
Dume kongwe, jana hakula.
Ndama, dume, siku tisa, bado rangi ya kahawia.
Najua siku walizozaliwa wote;
za wajomba zangu sizijui.

Mchuma janga hula na wa kwao, husema watu.
Hapa tulichuma sisi, wakala wao.
Au pengine ndio wa kwetu,
na hatukuambiwa.

Ijumaa nilimuuliza baba mlikuwa wangapi.
"Gari mbili. Walikimbia vizuri, mwanangu, ungewaona."
Mlijua wamebaki wachache?
Akakitikisa kikombe,
ishara kwamba imetosha,
na kahawa nilikuwa sijaimimina.

Baada ya Isha, bila kuulizwa, akasema:
"Kila mmoja alidhani
wa mwisho atapigwa na mwingine."

Nikazishusha mwenyewe, yeye akishika ngazi.
Zilikuwa nyepesi. Hilo sikulitarajia.
Ukutani ikabaki mistari miwili myeupe,
rangi ya nyumba ilipokuwa mpya.
Baba akasema tutundike saa.
Nikasema hapana, paache.
Mama jikoni akafunga bomba la maji
ili asikie vizuri.

Nimerudi Haima. Bakhit amenikabidhi ufunguo
na birika la chai ya jana.
Yule ndama amekuja hadi kwenye waya,
vipembe vyake vifupi kama vidole vya mtoto,
akaunusa mkono wangu,
ule ulioshika ngazi, ulioshika pembe, ulioshika ufunguo,
akauona ni mkono tu.

Sikuwa na la kumwambia.
Nikafungua daftari:
Ndama, dume, wiki mbili. Ananyonya. Haogopi watu.

Nikalipigia mstari lile neno la mwisho,
kwa kalamu nyekundu.