Mgeni Asiyesaini

Getini Chiromo, saa tatu usiku,
Lokwawi ananisukumia kitabu cha wageni:
jina, kitambulisho, saa ya kuingia.
Saa ya kutoka naiacha wazi.
Kalamu imefungwa kwa uzi wa nailoni,
wino wake huja ukishakata tamaa.

Ghorofa ya pili nafungua faili.
Mtambo uliozaa takwimu hizi uko ng'ambo, sijawahi kuugusa;
nimetumiwa matokeo yake
kama picha za harusi niliyokosa nauli ya kwenda.

Basi sikia kilichotokea.
Fotoni moja, chembe ya nuru tu,
ilimpiga protoni kifuani.
Protoni hakuvunjika. Alipandwa,
sijui niseme mori, sijui niseme pepo,
akawa mwingine, mzito kuliko alivyozaliwa,
tukamwita Delta.

Ningesema aliishi kufumba na kufumbua,
lakini kope ni mzee mno kwa kazi hii.
Andika nukta, sufuri ishirini na tatu, kisha tano:
sehemu hiyo ya sekunde
ndiyo ujana wake, na uzee, na matanga.
Akatema pioni,
akarudi kuwa protoni mtulivu
kana kwamba hakuna aliyemgusa.

Na pioni naye, asipokuwa na chaji, hakai.
Anapasuka nuru mbili, kila moja na njia yake.
Hizo ndizo ninazozikamata.
Najumlisha nguvu zao, napima pembe,
narudi kinyumenyume
nikisoma nyayo hadi mlangoni
pa nyumba ambayo haipo.

"Uzito wake una hakika nao?" huuliza Daktari Kavindu.
Elfu moja mia mbili thelathini na mbili, najibu,
ila kinundu cha grafu ni kipana.
Apitaye mbio hivyo hauachi uzito wake kamili mizanini.
Kosa si la mizani.
Na nyuma yake wapo wengine, wazito zaidi,
wamepandana kama sauti za Gikomba alfajiri;
nani ametaja bei, nani amecheka,
miezi saba sasa nawatenganisha.

Usiku ule nilizima taa, nisiende.
Nilikaa gizani nikisikiliza vyura wa mtoni,
kinundu kikielea bado ndani ya macho yangu,
kijani, kisha zambarau, kisha hakuna.

Kesho yake Lokwawi alifunua ukurasa.
"Ulisahau kusaini kutoka. Nimekuandikia."
"Uliniona?"
"Sikukuona. Nilikuwa upande wa maabara ya wanyama.
Niliona dirisha limekuwa jeusi."

Nikasoma mwandiko wake uliolala kushoto:
*saa nane na robo hivi.*

Nilitoka karibu saa tisa.
Sikumsahihisha. Nililitazama lile "hivi"
mpaka aliyekuwa nyuma yangu akakohoa
akiitaka kalamu.