Kulikiza

Chupa ya seramu imebaki vidole viwili.
Nyingine ipo, wanasema, imelala kwenye barafu
mahali fulani kati ya uwanja wa Songwe na karatasi za forodha,
na ukungu ukishuka hivi hata ndege hugeuza.

Basi tuzilikize, nikasema.
Daktari Mwaisumo akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti.
"Seli si watoto, Subilaga."
Sikubisha. Nilikuwa nimeshashika kalamu.

Juni ya Uyole: nje nyuzi sita, viazi vimeungua kwa jalidi.
Ndani ya kabati thelathini na saba, joto la kwapa.
Wiki ya kwanza nikashusha asilimia kumi hadi saba na nusu.
Hazikujua.
Zilishika sakafu ya chupa, zikanyoosha miguu,
seli za figo ya ng'ombe nisiyemjua,
aliyechinjwa kabla sijaajiriwa,
na figo yake ingali inaongezeka hapa, kila Jumanne.

Wiki ya pili, tano.
Hapo zikanuna.
Nikainamia hadubini: nyingine zimejikunja duara
kama punje za ulezi,
zimeachia sakafu, zinaelea.
Maji yao yalitakiwa kugeuka manjano, dalili ya kula;
yakabaki na wekundu wa juisi ya rosela
siku ya tatu, siku ya nne,
sahani ya mtoto aliyesusa.

Lwitiko nilimpakia shubiri.
Alilia usiku kucha, nami nikalia upande wangu wa kitanda,
kifua kimejaa, kinauma.
Mama akaja kutoka Igawilo na sufuria yake mwenyewe.
"Usimkate. Mpunguzie. Na unachopunguza, ujue ulikuwa unampa nini."

Ulikuwa unampa nini.
Nikarudi kwenye vitabu, kisha kwenye jokofu:
insulini, tone;
transferini ya kubebea chuma;
seleniamu, chembe ambayo hata mizani inasita kuisoma.
Vikasimama pale seramu ilipoondoka.
Si vyote. Seramu ina mambo ambayo hakuna aliyemaliza kuyahesabu.

Mama sijamwambia inakotoka.
Ng'ombe wake ana mimba ya miezi saba;
jioni humwekea kiganja ubavuni, hungoja teke,
akilipata huniita kana kwamba ni mara ya kwanza duniani.
Nimwambieje kuna machinjio ya mbali
ambako ndama hukutwa ndani ya mama aliyekwisha tundikwa,
na sindano huufuata moyo wake mdogo,
na damu ile ikituama huacha maji ya rangi ya asali
ninayoyamimina mimi, kwa glovu safi,
nikihesabu mililita?
Ninahesabu kwa sababu ya bei.
Nilianza kwa sababu ya bei.

Wiki ya tano, mbili na nusu.
Zinakua polepole. Zilizokuwa zikijigawa kwa saa ishirini na mbili
sasa zinataka thelathini na moja.
Nimeandika hivyo hivyo, sikuzipendelea.
Chupa namba mbili imekufa yote. Nayo nimeiandika.

Alhamisi boksi likafika, barafu yake nusu maji.
"Haya," Daktari akasema, "zirudishie."
Nikairudishia chupa moja, ya kulinganishia.
Nyingine nikazifungia mlango taratibu.
Aliniona. Akaenda kunawa mikono.

Jumapili nimekuja kabla ya kanisa, sweta juu ya gauni.
Umeme ulikatika usiku; jenereta limenguruma hadi alfajiri,
na Anyosisye, mlinzi, macho mekundu kwa moshi wa dizeli,
amenifuata ndani kuona alichokuwa akikilinda.
Nikatoa chupa namba nne, nikaiinua dirishani,
kuelekea Loleza ambao leo hauonekani.

"Imegeuka manjano," akasema, kwa sauti ya msibani. "Zimeoza?"

Hapana, Anyosisye.
Zimekula.